Zizi Lisilo na Mlango wa Nyuma

Usingizi unamchukua Naelijwa akiwa ameegemea ukuta wa zizi, ufagio mapajani, mvua ya alasiri ikipiga bati. Zizi hili la matofali ya kuchoma lilijengwa enzi za Wajerumani. Jumba la shamba liko pale juu, madirisha yamefungwa, wenyewe wako ng'ambo. Farasi hawapo tena. Aminieli, mumewe, aliyekuwa saisi wa kuwatunza, naye hayupo. Alikata roho alfajiri moja huku mkewe amelala ubavuni pake, na tangu hapo Naelijwa hufagia vyumba vya farasi ambavyo hakuna anayevichafua, kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwuliza umeshindaje.

Sasa anainuka, au anadhani anainuka, na mwisho wa zizi, pale ambapo siku zote pana ukuta, pana mlango. Anapita. Nje kuna barabara, na kando ya barabara kuna mazizi, yote ya matofali mekundu, na kila akifika mwisho wa barabara anajikuta yuko mwanzo, na ardhi iliyolowa inang'aa kama kioo, na ndani ya kioo hicho mazizi mengine yamening'inia kichwa chini, na mwanamke mwenye ufagio anatembea chini ya nyayo zake, hatua kwa hatua. Mtu anakuja amevaa koti la kaki. Chini ya kofia hana uso, ni ulaini mtupu kama ganda la yai. Shikamoo, anasema Naelijwa, saisi Aminieli yuko zizi lipi? Lile ambalo hujalifagia, anajibu yule mtu. Nimeyafagia yote. Basi kila siku unapita mlangoni kwake, anasema, na kwenda zake.

Naelijwa anaita. Analiita jina ambalo hajalitamka tangu mazishi, na barabara inafupika, inakuwa ushoroba, inakuwa chumba kimoja, na humo Aminieli anamsugua farasi mweupe kwa brashi. Umekonda, mama Ndeshi, anasema. Uliondoka bila kuniaga, anamjibu. Niliaga, anasema Aminieli, ila ulikuwa umelala, umechoka kwa kuniuguza, nikaona nisikuamshe. Ungeniamsha, baba Ndeshi. Ili iweje? Ulikuwa unakoroma, anasema taratibu, nami nilipenda kusikia kwamba kuna mtu chumbani.

Naelijwa ananyoosha mkono. Farasi anapita katikati yao, ubavu wake mpana na wa joto, anapita na bado anapita, haishi kupita, na nyuma yake Aminieli anasema jambo ambalo halisikiki.

Mvua imekatika. Naelijwa amekaa sakafuni, na kwenye kiza cha mwisho wa zizi haoni kama pale ni ukuta au mlango uliofungwa, wala hajui ameamkia upande upi. Nje mtu anapiga hodi, kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kusumbua. Naelijwa anasimama haraka, magoti yakimuuma.

Ingia, anasema. Niko macho.