Sufuria Iliyotoa Ushahidi

Tangu mwalimu wa darasa la sheria la jioni awafundishe yale maneno, Mama Kidoti alikuwa hashikiki. Res ipsa loquitur! Kilatini cha mawakili, maana yake jambo lajisema lenyewe. Gunia la unga likikudondokea kutoka ghala la mtu, husumbuki kutafuta shahidi, gunia limeshasema. Basi mumewe akirudi na makombo ya keki kwenye sharubu, anasomewa Kilatini. Kidoti akionekana amejipaka rangi ya mdomo hadi masikioni, Kilatini. Ilikuwa raha kuwa na kitu ambacho nyumba nzima hawana.

Jioni ya mtihani alikuwa anahangaika na kamba za viatu. Mtoto angebaki na mama mkwe, kama kawaida. Bila mama mkwe hakuna darasa. Mara mlango ukagongwa, tena kwa teke.

Alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, amekumbatia sanamu yake ya kujaribishia nguo, ile anayoisimamisha nje chini ya dirisha lao. Sanamu ilivaa suti nyeupe ya bwana harusi, na kichwani ilikuwa na sufuria, imezama hadi mabegani. Supu ilikuwa inachuruzika. Karoti moja ilijibandika kifuani kama ua.

"Mama Kidoti," fundi alisema akihema, "res ipsa loquitur."

"He! Umeyatoa wapi hayo?"

"Nayatarizi kwenye fulana za vijana kila siku. Ndiyo fasheni."

Baba mkwe akashusha riwaya yake ya upelelezi. "Inspekta wangu husema hivyo kila akikuta maiti. Halafu anawasha kiko."

"Hata yule hakimu wa kwenye tamthilia," mama mkwe akadakia kutoka kwenye kochi. "Akishatamka tu, mtu anazirai, matangazo yanaingia."

Mama Kidoti alijiona kama mtu aliyeringia gauni jipya, kumbe mtaa mzima wameshalivaa.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake: mama mkwe akikalia kikapu cha nguo chafu, kesi imeanza, na hukumu haina rufaa. Akakikalia.

"Supu kapika nani?"

"Mimi, mama."

"Dirisha la nani?"

"Letu."

"Basi yamekwisha. Masomo yamekutoa akili, mwanangu. Kuanzia leo jioni unakaa na mwanao. Mimi nimechoka kulea."

Mwaka mzima wa kusoma huku ananyonyesha, uishie kwenye karoti! Mama Kidoti akakumbuka nusu ya pili ya somo, ile ambayo wengi walisinzia: jambo humsema yule aliyekuwa na kitu chenyewe mikononi.

"Naomba swali moja tu, mama. Mimi sufuria niliiacha jikoni, juu ya jiko. Nani aliihamishia dirishani?"

"Si niliiweka ipoe!" mama mkwe akajibu haraka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Baba mkwe akajificha nyuma ya riwaya, mabega yakimtetemeka. Fundi akaigeuza sanamu taratibu mpaka ikamwelekea mama mkwe.

"Unanigeuzia nini hicho?" mama mkwe akaja juu. "Tangu lini vyombo vikaongea? Mimi naona sufuria imenyamaza kabisa!"

"Lakini mama, hakimu wa kwenye tamthilia..."

"Tamthilia uongo mtupu! Na wewe umesimama hapo unangoja nini? Mtihani utakuja kukufanyia hapa? Kimbia! Nyumba hii inahitaji wakili upesi. Fundi, ivue sanamu hiyo suti niifue kabla haijakauka na supu."

Mama Kidoti alinyakua mkoba, akambusu mwanawe utosini, akashuka ngazi mbiombio. Alipofika barabarani alisikia dirisha la jikoni likifunguliwa.

"Wee mkwe! Muulize mwalimu wako, bibi wa mtoto naye hushtakiwa?"