Mashine ya Wistin ya Kufungia Matufe

"Ina chuma," Nardu alisema, na hata shuka lililofunika mashine lilikuwa bado halijaondolewa.

Wistin alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ameisukuma mashine ile kwa mkokoteni kutoka gereji ya nyumbani kwake mpaka huku mashambani, kwenye chumba cha moto cha klabu ya Santa Filomena, wanamotengenezea fataki, kilichojengwa mbali na makazi ya watu katikati ya kuta za mawe na mipungate. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Badala ya kupewa pole, anaambiwa chuma.

"Chuma gani wewe?"

"Ekseli, Ba'mdogo. Humu ndani chuma hakiingii, cheche moja tu tumekwisha. Si wewe uliyenifundisha?"

Kweli ni yeye, na hilo ndilo lililomchoma. Nardu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, Indri. Wistin ndiye aliyemfundisha kukata karatasi, kukoroga gundi ya unga na kufunga tufe la fataki. Leo Nardu ndiye mwenye leseni na funguo, ndiye anayesema nani aingie na nani abaki nje. Wistin alivuta shuka, akaitazama ile ekseli ya baiskeli aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaona aibu. Kisha akakasirika, maana kwake yeye aibu haikuwahi kukaa muda mrefu.

"Nitaitoa," alisema. "Nikishaitoa narudi. Na nikirudi utafungua huo mlango, hata kama ni kwa meno."

Hasira hiyo ilikuwa na historia yake. Kijiji kile kina klabu mbili: ya Kijani, ambayo ni ya Santa Filomena, na ya Bluu, ambayo ni ya yule mtakatifu mwingine ambaye Wistin hakuwahi kumtaja kwa jina akiwa na akili timamu. Kila klabu ina bendi yake, sikukuu yake na chumba chake cha moto, ambamo mafundi bomba, waokaji na makarani hutengeneza fataki mwaka mzima bila kulipwa senti, kwa mapenzi tu na kwa kuwakomoa wenzao. Na kila mkesha wa sikukuu ya Kijani, tufe kubwa la mwisho lilikuwa la Indri. Indri alikufa kwa mlipuko katika chumba cha zamani, na tangu hapo Wistin ndiye aliyelifunga tufe lile, kwa kumbukumbu yake. Hakumwachia mtu.

Kufunga si mchezo. Uzi wa pamba huzungushwa juu ya tufe mara na mara, huku na huku, umekazwa sawasawa kila mahali, kwa sababu ukilegea upande mmoja moto utatokea huko huko. Mwaka jana mikono ya Wistin ilikuwa imeanza kutetemeka, naye akajifanya haoni. Tufe likapanda vizuri, likapasuka nusu. Nusu ua, nusu giza, kama mdomo wa kibogoyo.

Bluu walipiga makofi. Walipiga makofi, jamani! Kesho yake asubuhi wakapita na tarumbeta chini ya dirisha lake, wakiimba: "Wistin, Wistin, nusu nyingine umeila na nini?"

Hayo angeyameza. Bluu ni Bluu. Alichoshindwa kumeza ni watu wake mwenyewe. Nardu alimjia na sauti ya padri anayezika, akamwambia, "Ba'mdogo, mwaka huu upumzike. Utatusaidia kupanga viti."

"Viti!" Wistin alimpigia kelele mkewe, Karmni, siku hiyo. "Mimi nipange viti! Indri afungiwe tufe lake na watu wasiojua hata alikuwa anacheka vipi, mimi nipange viti!"

Ndipo alipoanza kuunda mashine. Mikono ilikuwa inatetemeka, miguu haikuwa inatetemeka, basi kazi ataifanya kwa miguu. Alichukua cherehani ya miguu ya Karmni, aliyorithi kwa mama yake, akaing'oa kichwa wakati mkewe yuko misani. Kanyagio la mbao lingezungusha tufe, na mkono wa mbao, uliochongwa kutoka kabati la zamani, ungeupeleka uzi mbele na nyuma bila kutikisika. Alijiandaa kwa vita vya cherehani. Lakini Karmni alirudi, akaitazama ile kona tupu ya chumba, akasema, "Supu inapoa."

Hapo ndipo angeshtuka, kama angekuwa mtu wa kushtuka. Hakushtuka. Alikunywa supu ya maharage, akamweleza kila skrubu aliyoifunga, naye Karmni akasikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza tangu waoane.

Ekseli ya chuma ikatoka, ikaingia ya shaba ya njano. Nardu akaja mwenyewe gerejini safari hii, akasimama mlangoni mikono mfukoni.

"Mkanda ni wa nailoni," alisema. "Nailoni ikisuguana inazaa umeme. Haiwezi kuingia, Ba'mdogo."

"Hata hujainama kuutazama!"

"Nina macho."

Wistin alirusha spana ukutani. Alirusha ukutani, lakini nia ya kurusha kwingine ilikuwepo. Kisha akavua mkanda wa suruali aliyooa nayo, ngozi halisi ya ng'ombe, akaukata na kuufunga mahali pa ule wa nailoni. Tangu siku hiyo akawa anafunga suruali kwa kamba, na kila aliyemcheka alijibiwa.

Ikabaki kitu kimoja: gurudumu zito la kuifanya mashine izunguke bila kusita. Alilipata kwa muuza vyuma chakavu, sahani nene ya shaba, nyeusi kwa masizi. Karmni mwenyewe alijitolea kuisafisha. Aliisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa, akamletea gerejini imefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. "Funga upande huu juu," alisema. "Ndio mzuri." Wistin alimbusu paji la uso. Masikini, alimbusu.

Jumapili hiyo aliipeleka mashine uwanjani mbele ya chumba cha moto, na wanaume wote wa klabu walikuwepo, wengine na mikate yao ya samaki na nyanya mkononi. Alifunga tufe tupu la karatasi, akakaa, akakanyaga. Uzi ulilala juu ya tufe mstari kando ya mstari, umenyooka, umekaza. Watu walisogea. Mwokaji Spiru, ambaye hakuwahi kumsifu mtu isipokuwa marehemu, alisema, "Duh. Huyu mzee ameweza."

Wistin akainua macho kumtazama Nardu. Nardu hakuwa anatazama uzi. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeng'olewa jino.

"Geuza hilo gurudumu," alisema taratibu.

"Ya nini?"

"Geuza tu."

Wistin alilifungua, akalipindua. Chini yake, safi kabisa, inang'aa, ilikuwepo nembo: mnara na taji, na jina la yule mtakatifu mwingine. Kilikuwa kitako cha taa kubwa ya klabu ya Bluu, ile ya zamani.

Kelele iliyotokea hapo! Spiru alifanya ishara ya msalaba. Mwingine alitema mate. "Kitako cha Bluu kizungushe tufe la Indri? Umerukwa na akili, Wistin?" "Ndiyo maana mwaka jana lilipasuka nusu!" "Kitoe! Kitoe kabla Bluu hawajasikia, tutahama kijiji!" Na Wistin, ambaye angekuwa wa kwanza kupiga kelele kama angekileta mtu mwingine, alibaki amekishika kile kitu mikononi, na mikono ikatetemeka mbele ya wote.

Aliondoka kwa miguu, mashine akaiacha uwanjani. Njia nzima alikuwa anatukana. Aliwatukana Bluu, akamtukana muuza vyuma chakavu, akamtukana Nardu. Alipofika kwenye kisima cha barabarani, akasimama ghafla. Nembo ilikuwa upande wa chini, umebanwa kwenye mbao. Hakuna mtu angeiona bila kulifungua gurudumu. Yeye mwenyewe hakuiona, kwa kuwa alilichukua likiwa na masizi na akalipokea limefungwa taulo. Aliyeisugua nembo ile ni mtu mmoja tu. Na ekseli Nardu aliijua ikiwa bado chini ya shuka.

Karmni alikuwa anamenya viazi. Alimwona usoni, akaweka kisu chini.

"Ni wewe," Wistin alisema.

"Ni mimi."

"Kila jioni unanisikiliza, unanimiminia supu, kumbe unanichukua maneno mdomoni unampelekea Nardu!"

"Kwa simu. Ukishalala." Hakujaribu hata kujitetea. "Nimekaa na watu wa fataki maisha yangu yote, Wistin. Chuma nakijua, nailoni naijua. Nembo niliiona nilipoanza kusugua tu, nikamshukuru Santa Filomena."

"Umenidhalilisha mbele ya klabu nzima! Wanadhani nimeleta Bluu kwenye chumba cha kaka yangu! Mke gani wewe? Nyoka, haki ya Mungu, nyoka aliyevaa aproni!"

"Tukana. Maliza."

"Sijamaliza!"

"Basi na mimi niseme." Karmni alisimama, na sasa sauti yake ndiyo iliyopasua jikoni. "Jeneza la Indri mlilibeba watu wanne. Mlikunja nyuso kana kwamba ni zito. Mimi ndiye niliyelifunga, Wistin, mimi na mama yenu. Mle ndani kulikuwa na kiatu! Kiatu kimoja! Ningeweza kulibeba peke yangu chini ya kwapa, nikaenda nalo sokoni! Na mikono yako inamwaga chai. Unataka niketi hapa nisubiri waniletee kiatu chako?"

Hilo lilimkasirisha Wistin zaidi ya yote. Akatoka, akaubamiza mlango mpaka sanamu ndogo ya ukutani ikadondoka.

Gerejini alimkuta Nardu. Alikuwa ameirudisha mashine kwa mkokoteni, jasho linamtoka, na gurudumu la Bluu halipo.

"Mashine naitaka," Nardu alisema haraka, kabla hajatukanwa. "Nimepata gurudumu la mbao ngumu, litafaa. Haina kasoro, Ba'mdogo. Haikuwa na kasoro ambayo usingeiondoa. Ila mashine itaingia. Wewe huingii."

"Mwizi."

"Sawa."

"Mnafiki! Baba yako angekupiga kofi."

"Baba yangu sikuzika hata mkono wake wa kunipiga kofi," Nardu alisema, na macho yake yakawa mekundu. "Siwezi kurudia. Nitukane mpaka Krismasi."

Nyundo ilikuwa ukutani. Wistin aliishika, akaiinua juu ya ule mkono wa mbao alioupiga msasa majira yote ya baridi. Pigo moja lingetosha. Nyundo ikacheza hewani kwa mtetemeko wake, na yeye akaiona ikicheza, na Nardu pia akaiona. Tufe la Indri lingefungwa na nini? Akaitupa nyundo kwenye ndoo.

"Kaa," alifoka. "Nimesema kaa! Unakanyaga kwa kisigino, mpumbavu, hii si pikipiki. Kwa vidole! Polepole! Uzi ukiuvuta hivyo nitakunyonga nao!"

Alimfundisha hivyo majira yote ya kuchipua, kwa matufe matupu, kwa matusi. Kila tufe lililolegea alilikata kwa kisu na kumrushia kifuani. Nardu alikuja kila jioni baada ya kazi, akakaa, akatukanwa, akarudi tena kesho. Na Karmni alileta chai kwa wote wawili. Wistin aliinywa chai, lakini hakumsemesha. Alimwomba chumvi kwa kidole.

Mkesha wa sikukuu ulifika. Giza lilipoingia tu Wistin alipanda juu ya paa peke yake. Chini bendi ya Kijani ilikuwa inapiga uwanjani, na mtaa wa pili Bluu walikuwa wamejaa vibarazani, mikono tayari kwa makofi ya dhihaka. Tangu mlipuko uliomuua Indri, Karmni hakuwahi kutazama fataki. Kila mwaka alijifungia jikoni na rozari, pamba masikioni, mpaka mumewe arudi. Kwa hiyo aliposikia hatua za kandambili ngazini, Wistin hakuamini, na hakugeuka.

Alikuja akasimama kando yake. Hakuwa na pamba masikioni.

Tufe la mwisho likapanda na mlio wake mzito. Likapasuka: duara zima, la kijani kisha la dhahabu, halina pengo hata mahali pamoja. Wistin hakuwahi kufunga tufe namna ile, hata wakati mikono yake ilikuwa mizima, na aliona wivu na fahari kwa pamoja. Mtaa wa pili hakuna aliyepiga makofi. Kwa Bluu, hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote.

Mlipuko ukafika masikioni, ukagonga kuta za mawe. Karmni aliruka, akamshika mkono.

"Usinishike," Wistin alisema. "Bado nimekasirika."

Lakini alihisi mkono ule ukitetemeka vibaya kuliko wake, ukitetemeka mpaka begani, na akajua kwamba ndivyo ulivyokuwa ukitetemeka jikoni miaka yote hiyo, yeye akiwa mashambani anafunga uzi. Hakuutoa mkono wake.

"Nimekasirika sana, Karmni."

"Kasirika," alimjibu, macho yakiwa bado angani. "Kasirika hapa hapa."