Meza ya Walikale

Katekista Isidore alitangaza kanisani kwamba Masisi kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono, watoto washike na kujaribu kila kitu, na kwamba hata wagonjwa wa ukoma wa Walikale wameleta kazi zao. Binti yangu Drocella akakosa usingizi. Mama yake yuko Walikale. Watu wa serikali walimchukua kwa ajili ya ukoma mwaka 1949, Drocella akiwa bado ananyonya, na kambi ile haipokei watoto.

Tulitoka kijijini kwetu Kingi asubuhi. Njia nzima aliniuliza mama yake anacheka namna gani. Nilimjibu kwa ukali atazame njia, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na liliniuma. Mke wangu, Nyiransabimana, alicheka akijifunika uso kwa pindo la kikwembe chake, na mimi nilikuwa nautafuta uso ule kila jioni nikirudi kutoka shambani.

Masisi watoto walijaa. Mhunzi aliwaachia mivukuto yake, fundi cherehani akawaacha wakanyage mashine. Drocella alikanyaga kidogo, akafinyanga chungu kilichopinda, yote haraka haraka, kama anayemaliza kazi za nyumbani ili aruhusiwe kutoka.

Meza ya Walikale ilikuwa pembeni, imezungushiwa kamba. Vikapu, mikeka, vijiko vya mti. Polisi mmoja, Kabera, aliilinda kwa fimbo.

—Hapa hapana kugusa. Iko vitu ya wagonjwa. Muangalie tu.

—Na wewe uliishusha ku kamyo yenye ilitoka Walikale na mikono ya nani? nilimuuliza.

Lakini nisijifanye shujaa: mimi pia nilikuwa nimemshika Drocella bega kwa nguvu asiguse. Nina mtoto mmoja tu.

—Papa, kitu gani njo ya Mama?

Nikatazama kitu kimoja kimoja. Majina hayakuandikwa. Mke wangu alikuwa mtu wa jembe. Nyumbani hakuwahi kusuka hata kamba ya mbuzi. Kama alijifunza kusuka, alijifunza huko, mbele ya watu nisiowajua. Nilimtafuta katika vile vitu vyote nikamkosa.

—Sijui, mutoto yangu.

—Basi nitagusa yote.

Hakulia. Alisema tu, kama mtu aliyekwisha kupanga kazi yake. Kabera akainua fimbo, akatutazama, akaishusha, akasema anaenda kunywa maji.

Nikaliachia lile bega. Drocella akapita chini ya kamba na kuanza na vijiko. Kila kimoja alikifunika kwa viganja vyote viwili, akakaa nacho kidogo, ndipo akakirudisha. Meza ilikuwa ndefu, na Kabera hawezi kunywa maji siku nzima.

Nikainua kamba, nikaanza upande wa mikeka.