Umekosea, Jaribu Tena

Maji yalikuwa yamemfika shingoni yule fundi cherehani. Saa nne kaka yake angekuja, na asipomwona baba yao, Mzee, akijieleza mwenyewe kwa kompyuta, angemchukua siku hiyo hiyo kumpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Begi la Mzee lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni.

Kiharusi kilimwachia Mzee kidole kimoja tu cha kutumainia, maneno kikaondoka nayo. Basi binti yake, fundi huyo, aliyejifunza programu kwa masomo ya kwenye simu huku akikunja pindo za nguo za watu, akamtungia programu yake ya kwanza: bonyeza moja, nataka maji, mbili, naumwa, tatu, choo, nne, nigeuzeni. Kazi ya mwanafunzi, lakini kompyuta haijui kumvumilia mwanafunzi. Kidole kikitetemeka, moja inakuwa kumi na moja, na skrini inaandika: UMEKOSEA, JARIBU TENA.

Alijifunga kibwebwe. Akaiamuru programu ichukue tarakimu ya kwanza tu, zinazofuata izitupe. Akaifundisha isijizime pale Mzee anapotuma jibu tupu. Bado ikawa UMEKOSEA. Alijikaza asilie, akalia.

Kaka aliingia, akasimama nyuma ya kiti cha Baba. Mzee akabonyeza. UMEKOSEA. Akabonyeza tena, hali ileile.

"Mdogo wangu, tusijidanganye," kaka alisema taratibu. "Baba hawezi."

"Nipe dakika mbili tu, Kaka. Hata shikamoo sijakupa, nisamehe. Dakika mbili."

Akaongeza mstari mmoja ambao mwenye akili zake angeuweka tangu siku ya kwanza: kabla ya kumwambia mtu amekosea, onyesha alichobonyeza.

Mzee akabonyeza. Skrini ikaonyesha 5. Akabonyeza tena, 5. Mara ya tatu, 5. Kidole hakikuteleza hata kidogo.

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Tano ni nini?" kaka aliuliza. "Mbona hapa zinaishia nne?"

"Ilikuwepo. Ilikuwa 'njoo ukae nami'. Niliifuta juzi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaibonyeza kutwa nzima, Kaka. Ikawa inanikatiza kazi."

"Kazi gani?"

Akaiangalia ile mistari aliyoikeshea, asipate pa kujificha. "Hii."

Kaka alikwenda mlangoni, akalichukua begi, akalirudisha chumbani kwa Mzee. Binti naye alikuwa ameshainamia kompyuta, akiitafuta ile tano airudishe mahali pake. Nyuma yake Mzee aliunyoosha mkono pembeni mwa bega la binti, akabonyeza tano tena, na kompyuta ikamwambia amekosea.