Namba ya Mwalimu Ezekieli

"Matapeli nao wana mihuri," alisema Kristina Sanga, akanirudishia barua ya mwenyekiti bila kuifungua.

Tulikuwa tumesimama katikati ya masweta ya mtumba, mbele ya kibanda chake pale Makambako, na upepo wa mji ule, ambao hauna adabu hata kidogo, ulikuwa unayapeperusha masweta hadi yananipiga usoni. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka Njombe na matumaini makubwa. Nilivaa sketi yangu ya kwaya na kilemba cha heshima ili nionekane mtu wa kuaminika. Kristina aliniangalia kuanzia viatu hadi kilemba, na nikajua kwamba kwake yeye nilikuwa tapeli aliyejiandaa vizuri.

"Dada, siombi hela," nikasema. "Kuna namba zitaingia kwenye simu yako. Naomba utusomee hizo tu."

"Ndivyo wanavyosema wote. Hela hawaombi, wanaomba namba." Alikunja sweta la kijani, akalikunjua, akalikunja tena. "Halafu jina langu nani kakupa?"

Nililipata jina lake kwa njia tunayoitumia wote: nilijifanya namtumia hela kwa simu, jina la mwenye laini likatokea, nikaghairi. Kuhusu Makambako, nilisikia wapiga debe nyuma ya sauti yake wakiita Mbeya na Iringa kwa pamoja, kama wanavyoita kwenye njia panda ile, siku aliponiambia nikome na kunikatia simu. Yaliyobaki niliuliza watu stendi.

"Simu ndiyo iliyonipa," nikasema.

"Basi na hiyo simu nayo haina siri."

Nilitamani kulia, na nilitamani kumtupia lile sweta la kijani. Siku zile hasira na machozi kwangu vilikuwa vinakuja pamoja.

Mambo yalianza na kifo, na kifo chenyewe kilikuwa cha mtu mzuri. Mwalimu Ezekieli alikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa parachichi wa Kifanya tangu siku kinaanzishwa. Yeye ndiye aliyetutoa kwenye makaratasi na kutuingiza kwenye huduma ya mtandaoni ya kulipia kwa mwaka. Kumbukumbu zetu zote zilikaa huko: nani ana miti mingapi, alipulizia dawa gani, alivuna lini. Kampuni inayosafirisha matunda nje haipokei parachichi la shamba lisilo na kumbukumbu, na kila mwaka mkaguzi anakuja kuzipitia ndipo cheti kinahuishwa. Humo humo Mwalimu alihifadhi picha za vitambulisho vyetu, hati za mauziano ya mashamba, hata barua za mirathi za akina mama waliofiwa. Alisema karatasi zinaliwa na panya.

Alinunua leseni ya mtu mmoja, tukaitumia wote. Mzee Laurenti, mwenyekiti wetu, alijisifu kwa hilo kwenye kila mkutano. Paswedi ilikuwa jina la kijiji, na sidhani kama kuna mtu Kifanya ambaye hakuijua. Malipo ya mwaka yalikatwa kwenye simu ya Mwalimu, na akaunti yenyewe aliisajili kwa namba yake. Nani angeuliza? Mwalimu alikuwepo.

Alipofariki tulimzika kwa heshima, na baada ya mazishi tukaendelea kumheshimu kupita kiasi. Kwao, vitu vya marehemu havigawiwi mpaka ukoo ukae, na ukoo haungeweza kukaa bila Mika, mwanawe wa kwanza, ambaye kazi zilimweka mbali. Simu ya Mwalimu ikafungiwa kwenye sanduku pamoja na makoti yake. Sisi nasi kwenye kikundi tukaona si vizuri kumkalisha mtu kwenye kiti chake kabla ukoo haujamaliza. Kiti kikabaki wazi mwaka mzima na kitu. Kwenye kompyuta ya ofisi, maneno ya Kiingereza yakawa yanajitokeza kila asubuhi, na kila aliyewasha aliyafunga akidhani ni tangazo.

Siku niliyochaguliwa kuwa katibu, mimi ndiye niliyeyasoma. Yalisema malipo yetu yamekwisha, na kwamba mwisho wa mwezi kila kilichomo kitafutwa. Mkaguzi alikuwa anakuja mwezi unaofuata.

Nilimwita Edward, fundi wa kompyuta wa pale mjini. Alisema kulipa si tatizo, hata siku hiyo hiyo tungelipa, lakini ili kulipa lazima mwenye akaunti aingie upya, na ili aingie, mtandao utatuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba yake. Tukapiga ile namba. Mwanamke akapokea. Laini ya Mwalimu ilikuwa imekaa kimya sandukuni hadi kampuni ya simu ikamuuzia mtu mwingine.

"Huyo mama," Edward alisema taratibu, "akitaka, anaweza kuingia humo ndani kirahisi kuliko sisi."

Nilishikwa na baridi ambayo haikuwa ya Njombe. Shamba la mama yangu lilikuwa humo, na sahihi yake, na barua ya mirathi ya baba.

Kwa hiyo pale Makambako, barua ilipokataliwa, sikuwa na silaha nyingine. Niliketi juu ya belo la nguo bila kukaribishwa. Nikamweleza yote, kuanzia sanduku hadi mkaguzi. Nilipofika kwenye habari ya kwamba anaweza kuingia kwenye mambo yetu akitaka, nikasita, maana nilikuwa namfundisha mwizi njia kama angekuwa mwizi. Nikasema tu.

Kristina aliacha kukunja.

"Huyo mwalimu alikuwa na mke?"

"Yupo. Mama Mika. Yuko Kifanya."

"Nipeleke kwake. Muhuri unachongwa, barua inaandikwa. Mjane na nyumba yake hamuwezi kuazima."

Jumapili baada ya ibada nilimpokea stendi ya Njombe. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, naye alikuwa amevaa masweta mawili, moja likiwa lile la kijani. Njiani hakuzungumza sana. Aliniuliza kama kweli parachichi linalipa kuliko viazi, nikamwambia linalipa, akasema Wabena mna bahati ya ardhi ila hamjui biashara. Nikamwambia Wakinga mnajua biashara ila hamjui kusalimia. Akacheka, na hicho kicheko kilinipa nguvu.

Mama Mika alitupokea mlangoni. "Kamwene," alitusalimia kwa Kibena, kisha akaona mgeni si wa kwetu, akaongeza, "karibuni, karibuni ndani." Sikumweleza mengi. Nilisema huyu ndiye mwenye namba ya Mwalimu sasa. Alimwangalia Kristina kwa muda, bila chuki. Kisha akaingia chumbani, akarudi na ile simu. Ukoo ulikuwa umeshakaa wakati huo, na simu alipewa yeye.

Mwalimu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Mgongoni mwa simu alibandika kipande cha plasta ya dukani, na juu yake akaandika namba yake kwa mwandiko wa ubaoni, ule mkubwa wa duara. Kristina aliisoma kwa kidole, tarakimu moja moja, huku midomo ikicheza. Alipofika mwisho alivua kofia yake ya sufu.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa alikuwa amekwisha kumwamkia mlangoni. "Poleni sana."

"Tumeshapoa, mwanangu. Umekuja na gari la saa ngapi? Hujala."

Tulikula viazi na maharage. Mimi sikumeza kitu. Nilikuwa nawaza mwisho wa mwezi.

Ofisini tuliwakuta Edward na Mzee Laurenti. Mzee alikuwa amekuja na suti, sijui kwa nini. Edward akafungua ukurasa, akaandika paswedi, akabonyeza. Simu ya Kristina ikalia mkobani.

Sote tulimwangalia. Mzee Laurenti akanyoosha mkono, kiungwana kabisa, apewe.

"Hapana, mzee," Kristina akasema. "Simsomei mtu. Tumekatazwa, na mimi nimekatazika. Sogeeni."

Edward akaondoka kwenye kiti. Kristina akaketi, akafunika simu kwa kiganja, akawa anachungulia tarakimu na kuziandika mwenyewe kwa kidole kimoja, akitafuta kila namba kwenye kibodi. Nilimsikia Mzee Laurenti akianza Salamu Maria kwa chini. Kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka. Kisha mambo yetu yakafunguka.

Yalikuwepo yote. Mashamba kwa majina ya wenyewe, msimu kwa msimu. Edward akalipa pale pale, na yale maneno ya Kiingereza yakatoweka. Nilikwenda dirishani nikawapa mgongo, nikalia, na sikuona haya. Kwa majuma yale yote nilikuwa nimebeba Kifanya nzima kifuani, na sasa nilikuwa nimeitua. Nyuma yangu Mzee Laurenti alikuwa anampongeza Edward, anampongeza Kristina, nadhani alijipongeza na yeye.

"Basi namba tuiache hivyo hivyo," akasema kwa furaha. "Kristina ni mtu mwema. Ikitokea shida tutampigia. Wala tusiingie gharama mpya."

Edward alikuwa ameanza kumweleza kuhusu leseni: kwamba kila anayeingia anunuliwe yake, kwa jina lake na namba yake, na tuchague watu watatu tu.

"Mlango mmoja, funguo tatu za nini?"

"Kwa sababu ufunguo wa mtu mmoja mkitumia wote, Mzee, mlango haujui nani kaingia. Kitu kikipotea mtaanza kushukiana. Na mwenye ufunguo akifa, ndiyo haya."

Mzee alikuwa anataka kujibu, na kwa majibu yake tungefika jioni. Kristina ndiye aliyemkata.

"Mzee wangu, samahani. Hunijui." Alisema bila ukali. "Leo umenikuta nimetoka kanisani, nimekula kwa mjane, moyo wangu mweupe. Siku mtoto wangu anaumwa na sina kitu, na simu inanionyesha mali za watu? Mimi mwenyewe sijui nitafanya nini siku hiyo. Usiniamini. Nitoe humo."

Mzee Laurenti alikohoa, akafungua kifungo cha koti. Edward akaandika namba yangu, akamwonyesha Kristina palipoandikwa ondoa, na Kristina akabonyeza mwenyewe. Akangoja. Simu yake ikalia mara ya mwisho kumwarifu kwamba namba yake haimo tena. Akashusha pumzi ndefu hadi mabega yakashuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa amebeba. Nilidhani hofu ilikuwa yetu peke yetu.

Tulinunua leseni tatu: yangu, ya Mzee, na ya Flora, mweka hazina wetu. Paswedi yangu haijui hata mume wangu, na alinuna siku mbili, kisha akazoea. Barua za mirathi na hati za mashamba tulizihamishia mahali ambapo mtu anafungua za kwake tu. Mkaguzi alipokuja, mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa. Alijibu kila swali, na kila jibu lilikuwepo kwenye kioo vile vile. Cheti kikahuishwa. Msimu ule malori ya kampuni yalipanda hadi Kifanya kama kawaida, na kwa wengi wa wanachama hakuna jambo lolote lililowahi kutokea. Nimewaacha hivyo. Ina raha yake, mtu kujua ajali iliyokwepwa huku wenzake wanalalamikia vumbi la malori.

Lakini nilikuwa nasimulia jioni ile. Nilimsindikiza Kristina stendi. Nilitaka kumpa kitu, parachichi angalau, lakini Mama Mika alikuwa ameshamjazia mfuko, na maharage juu yake.

"Kuna majina niliyaona pale kwenye kioo," alisema tukiwa tunangoja gari lijae. "Na karatasi ya mtu fulani, ya mirathi. Sikusoma. Lakini niliona."

"Najua."

"Usijue. Nakwambia ili uwe umeambiwa."

Kondakta alianza kuwaita watu. Kristina akaweka mfuko ndani, akarudi akaninyooshea mkono, nikadhani ananiaga. Mkono ukabaki wazi.

"Lete simu yako."

Nikampa. Hakuigusa, alitaka nimwonyeshe tu. Jina lake lilikuwepo, kwa herufi kubwa, nilivyolihifadhi siku ile nilipolichota kwa ujanja: KRISTINA SANGA MAKAMBAKO.

"Hilo hukupewa," akasema.

Nikalifuta mbele ya macho yake. Nikafuta na simu nilizompigia, zote, mpaka ile aliyoniambia nikome. Alihakikisha, akaitikia kwa kichwa, kisha akanikumbatia kwa nguvu hadi kilemba changu kikakaa upande, akapanda gari.

Ni miaka sasa. Njiani kwenda Iringa kwenye vikao vya kikundi napita Makambako, na upepo wake haujajirekebisha. Sina namba yake. Nikitaka kumsalimia, nashuka.