Vidonda vya Tumbo

Kwetu Amman ugonjwa ule hautajwi jina, na mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa, kama ataambiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunamficha hata mwenye maradhi. Majibu ya Baba yalipotoka, kaka yangu Muhannad alimvuta daktari pembeni, wakakubaliana: ni vidonda vya tumbo. Mama akaapishwa asimwambie ukweli. Nikaapishwa na mimi, ambaye kutwa nzima chuoni kazi yangu ni saratani.

Maabara yetu huchukua seli za kinga kwenye damu ya mtu mwenye afya, huzifundisha kuitambua saratani, kisha huzimwaga juu yake ndani ya kisahani. Mwaka mzima zangu zililala tu kama wageni walioshiba. Jumapili moja nikachungulia kwenye hadubini, nikakuta seli za saratani zimebanduka, zinaelea, zimekufa. Nikatazama kisahani cha pili, vilevile. Daktari Lamis, msimamizi wangu, akanibusu mashavu. Yazan, mwanafunzi mwenzangu, akakimbilia kununua sinia la kunafa, kitamutamu chetu cha jibini na shira.

"Cheka basi," akaniambia. "Hata hizo maiti kwenye kisahani zina uso mzuri kuliko wako."

Nikala. Sikusikia utamu wala chumvi ya jibini. Nilijua kwamba kutoka kisahani hadi panya, na kutoka panya hadi mtu, ni safari ambayo Baba hataimaliza. Nilitaka kulia, kilio hakikuja.

Nikapeleka kipande nyumbani. Baba, amekaa kwenye kochi na suruali inampwaya, akauliza kunafa ya nini. Nikasema kazi yangu imefaulu. Akauliza kazi gani, nami mjinga nikamweleza yote, nikikwepa jina moja tu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dawa hiyo itawafikia watu lini?"

"Labda miaka kumi, Baba. Ikifika."

Akamega kunafa, hakuila.

"Hongera, mwanangu." Kisha akashusha sauti, maana Mama alikuwa jikoni. "Mama yako anaamini ni vidonda vya tumbo. Mwache aamini hivyohivyo. Niahidi."

Nikamwahidi. Mama akaingia na chai, akauliza vile vidonda leo vinasemaje.

"Vinapona," Baba akasema. "Muulize huyu msomi wako."

Wakanitazama wote wawili, kila mmoja akiomba nimfiche mwenzake.

"Vinapona," nikasema.