Chupa Nne Safi

Ofisini kwa wakaguzi wa majitaka walimwita Bibi Barua, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Barua kumi na moja, jamani, zote kuhusu mtambo mmoja mdogo wa kusafisha majitaka nyuma ya ghorofa la jirani! Aliandika kwamba unatoa uchafu, na uchafu huo unapita kwenye mtaro wa chekechea wanakosoma wajukuu zake wawili, ambao hawaishi kuumwa tumbo. Mkaguzi alikwenda mara nne, akapima, akakuta maji safi, akatia sahihi. Sasa mkuu wake alikuwa amechoka. Leo alimtuma nyumbani kwa bibi: asaini kwamba ameridhika, faili lifungwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniziba mdomo?"

"Hapana, bibi. Ni utaratibu tu."

Bibi aliguna. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na kwa maji machafu humwambii kitu. Hakubishana. Alivuta pazia, na lo! Rafu nzima ilikuwa imejaa chupa za soda, thelathini kwa hesabu, kila moja na tarehe yake. Maji ya mtaroni hayo. Kila Jumatatu alishuka kuyachota mwenyewe, na magoti yake yale mabovu, jua liwake au mvua inyeshe.

"Mbona hukuzileta ofisini?"

"Nilizileta. Mlinzi akasema vinywaji haviruhusiwi."

Mkaguzi akacheka, kisha akaona haya. Akaanza kuzipitia moja moja. Nyingi zilikuwa na tope jeusi lililotuama chini. Nne tu zilikuwa safi kabisa.

"Hizi nne ulichota bombani?"

"Palepale mtaroni. Soma tarehe, mwanangu."

Alisoma, akafungua daftari lake la kazi, akasoma tena. Chupa zote nne zilikuwa za siku zilezile alizokuja kupima.

"Ninyi mkitaka kuja mnampigia simu msimamizi wa ghorofa kwanza, sivyo?" bibi akauliza.

"Ndiyo. Ni ustaarabu tu."

"Basi mkishapiga, huko nyuma ni pilikapilika. Gari la kunyonya majitaka linakuja, tangi linajazwa maji ya bomba, mashine ya hewa inawashwa. Ukigeuza mgongo tu, wanaizima."

 Mkaguzi alitoka mbio kwenda nyuma ya ghorofa. Mashine ile inatakiwa kunguruma usiku na mchana, maana bila hewa vijidudu vinavyokula uchafu vinakufa. Ilikuwa kimya, ya baridi, vumbi limelala juu yake. Alipofunua tangi, harufu ilimrudisha nyuma hatua tatu. Msimamizi wa ghorofa akaja anahema, ndala mguu mmoja.

"Mkuu! Mbona leo hukupiga simu?"

Hapo hakuhitaji tena kupima chochote. Alikuwa amepigwa changa la macho, na si mara moja, mara nne! Wakati huo watoto wa watu walikuwa wanaumwa. Yeye mwenye diploma na sanduku la vipimo alishindwa kuona alichokiona mama mmoja kwa chupa tupu na ukaidi wake. Alirudi kwa bibi taratibu, akamwinamia kwa heshima.

"Bibi, nisamehe. Kazi hii uliifanya wewe, mshahara nikala mimi."

"Wajukuu zangu ndio wa kuombwa msamaha," bibi akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma zaidi.

Simu ya mkaguzi ikalia. Mkuu wake. Angeweza kutoka nje kuipokea. Akaipokea palepale, mbele ya bibi.

"Vipi, amesaini?"

"Hapana, mzee. Faili halifungwi. Kuna ripoti nne humo si za kweli."

"Ati nini? Nani alizitia sahihi?"

"Mimi."

Mkaguzi akakata simu, akatoa kalamu. Bibi akafuta meza kwa kiganja, akamvutia kiti aanze kuandika ripoti ya kweli.